Mtani Aliyenipa Kiti

Mwanangu Omari,

Umekwenda kumuaga bibi yako, na kwa jinsi ninavyomjua hatakuachia mpaka umekula hadi ushindwe kuinama. Mama yako yuko uani anakukaangia kuku wa safari, na kila nikimtazama macho anasema ni moshi. Mimi nimejikalia barazani na karatasi nilizonunua kwa Mhindi wa dukani. Jua bado lipo, nikaona nikuandikie sasa kabla nyumba haijajaa watu wa kukutakia safari njema na kukumalizia kuku. Barua hii nitaitia mfuko wa ndani wa koti lako. Usiifungue mpaka treni iwe imetoka Korogwe. Najua vidole vitakuwasha, lakini huo nao ni ukuruta, anza kujizoeza.

Mambo ya kufua nguo, kuswali, kutoazimisha blanketi na kutolala na viatu, mama yako ameyasema wiki nzima na shangazi zako wameyarudia. Sina la kuongeza hapo. Nataka kukueleza habari za jeshi, maana ndiko unakokwenda, na katika nyumba hii ni mimi peke yangu niliyekwenda nikarudi. Sisi tulimwapia Mfalme, ninyi mtamwapia Malkia, lakini sidhani kama viatu vimebadilika.

Unajua kwamba nilivuliwa tepe. Hilo sikukuficha. Ulipokuwa mdogo uliwaambia wenzio kwamba baba yako alikuwa na tepe mbili, akawarudishia Wazungu kwa kuwa vita vimekwisha na yeye hana haja nazo. Nikakuacha useme hivyo, maana ilinifurahisha kusikia. Na lile koti langu la jeshi nyuma ya mlango unalijua pia, lenye vifungo vya shaba na pengo moja kifuani. Uliniuliza kifungo kimekwenda wapi, nikakujibu kilidondoka vitani. Mama yako alipotaka kushona kingine nilimkataza kwa ukali ambao haukulingana na kifungo. Leo nakueleza kilikokwenda.

Tulipoandikishwa hapa Handeni nilikuwa na ndugu yangu Mgaza wa Kwamsisi, mtoto wa mama yangu mkubwa. Tulikua pamoja, tukapigwa pamoja, tukaenda kwata pamoja. Kikosini tukamkuta Mnyamwezi mmoja anaitwa Maganga, mtu mfupi, mpana, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Alikuwa amekata mkonge miaka mingi huku Korogwe kabla ya vita, kwa hiyo watani wake Wazigua alitujua vizuri. Siku ya kwanza tu aliposikia natoka Handeni alichukua sahani yangu ya chakula akaanza kula.

"Mtumwa wangu," akaniambia, "kwenu hamkufundishwa kwamba watumwa hula baadaye?"

Usiku ule nikachukua blanketi lake nikalilalia. Yeye akalala juu ya gunia akiimba matusi kuhusu ukoo wetu mpaka watu wakamwomba anyamaze. Mtu wa nje angedhani tunachukiana. Sajini mmoja Mzungu alitaka kutushtaki kwa kuibiana, tukamwambia hakuna aliyeibiwa, akaondoka akitikisa kichwa. Basi ndivyo tulivyoishi, sisi watatu, na kwa kweli sijapata tena kucheka kama nilivyocheka mwaka ule. Mimi nilikuwa mtu mkavu, Omari, kama unavyonijua. Maganga alikuwa ananilainisha.

Mgaza alifia Habeshi. Hakuuawa na risasi. Ni tumbo la kuhara, ambalo liliwamaliza watu wetu wengi, na lilimchukua upesi. Mimi wakati huo nilikuwa koplo, na nilikuwa ndiye ndugu wa marehemu. Watu wakanipa pole, tukachimba kaburi kwenye ardhi ya mawe, na Kapteni akaamuru kombania nzima isimame gwaride la mazishi.

Kapteni yule alikuwa mgeni kwetu. Hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Alikuja mwenyewe kumtazama Mgaza hospitalini, na alikataza asizikwe haraka haraka kama wengine walivyozikwa. Ila alikuwa na ugomvi na mifuko. Askari akiwa kwenye gwaride mfuko wake usiwe na kitu, si kitambaa, si tumbaku, si uzi. Ulale kama umepigwa pasi. Amri ndogo kabisa, na tuliitii bila kuifikiria.

Sasa fikiri mimi ningefanya nini asubuhi ile. Nilijua Maganga ni mtani wa marehemu, na nilijua mtani hawezi kukosa kufanya kazi yake. Koplo kazi yake ni kumwambia mkubwa wake yale ambayo mkubwa hayajui. Ningekwenda kwa Kapteni nikamwambia: bwana, mtu mmoja ataingia kaburini, usishtuke, mwache, nitampa kitu kidogo na atatoka. Ingekuwa imekwisha. Lakini niliona aibu. Niliona Mzungu atatuona washenzi, nami nilipenda sana kuonekana Mwafrika aliyestaarabika. Nikapaka viatu rangi, nikakaa kimya.

Mwalimu wetu, askari wa Kilwa, alipomaliza kumswalia, tukasogea na maiti. Maganga akatoka mstarini, akalaza bunduki yake chini kwa adabu, akaruka ndani ya kaburi akalala chali.

"Huyu hashuki," akasema kutoka kule chini. "Nyumba hii nimeipata mimi kwanza. Na Mgaza alikuwa anakoroma, siwezi kulala naye. Wazigua mtanipa nini nihame?"

Wanaojua walijua. Watu waliokuwa wamekakamaa na majonzi wakaanza kulegea midomo, na mmoja akacheka, na alipocheka machozi yakamtoka. Ndivyo inavyotakiwa. Mtani huwafungulia watu kilio. Mfiwa hutoa kitu, hata kipande cha tumbaku, mtani akatoka na marehemu akashushwa na heshima zake zote. Mfiwa nilikuwa mimi. Nikatia mkono mfukoni, mfuko mtupu. Nikatia mwingine, mtupu vilevile.

Kapteni akamwamuru atoke. Maganga akajibu, kwa upole kabisa, "Bado sijapewa, afande."

Akaamuru tena, safari hii kwa sauti ya gwaride. Nilimwona Maganga ananitazama kutoka chini, na hakuwa anatania tena. Angetoka mikono mitupu, Mgaza angekuwa amezikwa kama mtu asiye na watu, ugenini, na yeye ndiye angekuwa amemfanyia hivyo. Kwa hiyo alikuwa akingoja. Nikapapasa kifua changu, nikashika kifungo cha koti, nikakivuta mpaka uzi ukakatika, nikamrushia.

Akakidaka. "Kidogo," akasema, "lakini Wazigua mmekuwa maskini siku zote." Akatoka, akajipangusa udongo, akapiga saluti safi. Tulimshusha Mgaza na watu walilia kama inavyopasa kulia. Lakini amri ilikuwa imetolewa mbele ya kombania nzima na haikutiiwa. Kabla udongo haujakauka mikononi mwetu, mimi na Maganga tulikuwa korokoroni.

Walitufungulia mashtaka ya mahakama ya kijeshi. Yeye kwa kukataa amri ya mkubwa wake wakati wa vita, mimi kwa kuharibu sare na kumsaidia. Kifungo chenyewe cha koti walikitafuta wakakikosa. Maganga akawaambia kimedondokea kaburini, wakaandika hivyo.

Tukapewa Luteni mmoja wa kutusemea, kijana wa masikio mekundu, Kiswahili chake cha kambini lakini moyo wake mzuri. Alikaa nasi juu ya sanduku akatueleza jinsi mambo yalivyo. Mtu akiwa amelewa, alisema, hana akili zake, kwa hiyo hakukataa amri, amelewa tu. Atafungwa kidogo, atarudi kazini. Lakini mtu mzima na akili zake akimkatalia Kapteni mbele ya askari, hilo ni jambo zito, na adhabu yake ni kiboko na jela.

Maganga akacheka. "Mwambie bwana Luteni mimi nimelewa tangu nilipozaliwa." Kisha alipoondoka akanigeukia. "Mtumwa wangu, koplo ni wewe. Watakuuliza wewe. Sema nililewa."

Nikamwambia, "Nitasema."

Hapo, Omari, ndipo pa kusimama. Nilimwambia nitasema.

Mahakama ilikaa ndani ya hema kubwa, meza imefunikwa blanketi la kijivu, maofisa wamekaa nyuma yake wanatoka jasho. Nikaapishwa kwa msahafu. Meja akaniuliza kwa utaratibu, bila hasira yoyote, kama askari huyu alikuwa amelewa siku ile.

Nikasema, "Hapana, afande. Alikuwa mzima. Hakuonja kitu."

Kisha nikaeleza. Nilieleza utani wa Wazigua na Wanyamwezi vizuri sana, tangu mwanzo mpaka mwisho, mkalimani akawa ananifuata. Nilieleza kwamba Maganga alijua anachokifanya, kwamba alingoja kwa makusudi mpaka apewe, kwamba mtu mwenye akili timamu na mapenzi kwa marehemu ndivyo afanyavyo. Nilidhani ninamtetea. Meja alikuwa akiandika kila neno, na Luteni wetu akaweka kalamu yake chini, akatazama viatu. Kila nilichosema kilithibitisha kwamba Maganga alisikia amri, akaielewa, akaikataa.

Kwa nini nilifanya hivyo? Kwa muda mrefu nilijijibu kwamba ni kwa sababu ya kiapo. Pia kwamba sikutaka mazishi ya Mgaza yaandikwe katika makaratasi ya Serikali kuwa ni mchezo wa mlevi. Yote mawili ni kweli, siyakani. Lakini kulikuwa na la tatu. Nilipokuwa nasema nilijisikia mrefu. Nilijiona koplo ambaye hawezi kusema uongo, na niliona Meja ananitazama kwa heshima, na heshima ile ilikuwa tamu. Sikugeuka kumtazama Maganga hata mara moja mpaka nilipomaliza.

Hukumu ilisomwa mbele ya kombania. Mimi sajini meja alinikata tepe kwa kisu kidogo, uzi baada ya uzi, bila kunitazama usoni. Nilirudi mstarini. Askari kwenye gwaride hutazama mbele, na mbele yangu ndiko walikomlaza Maganga wakamchapa kiboko. Ningependa kukuambia kwamba hata pale alitania. Hakutania. Kwanza alijikaza, baadaye akashindwa. Walipomwinua suruali yake ilikuwa imelowa. Mimi nililiona hilo, na yeye aliona kwamba nimeliona.

Kabla hawajampeleka jela ya kazi ngumu nilipata ruhusa ya kumpelekea maji. Nikapiga magoti karibu naye, nikaanza kumweleza habari za kiapo, na habari za jina la Mgaza. Akanywa maji yote kwanza.

"Ukweli ulikuwa wako, Mhina," akasema. "Mgongo ulikuwa wangu. Ungeniuliza."

Tangu tujuane hakuwahi kuniita Mhina.

Nimelifikiri jambo lile miaka mingi nikiwa nalima, maana jembe huacha kichwa huru. Sikuambii useme uongo mahakamani. Sijui mpaka leo kama nilipaswa kusema alilewa. Huenda hapana. Lakini toka pale korokoroni mpaka pale hemani kulikuwa na usiku mzima na ukuta mmoja wa mabati kati ya chumba chake na changu, na mimi nilibadili neno langu bila kumgongea. Kama ningemwambia, Maganga, siwezi, ulimi wangu unakataa, nitasema kweli, unasemaje? Angenitukana. Halafu nadhani angesema, haya, sema. Angekwenda kulala pale chini kwa hiari yake, na hilo lingekuwa jambo jingine kabisa. Mimi nilimpeleka kama mzigo.

Vita vilipokwisha nilikwenda Kwamsisi kumwona mama yake Mgaza, mama yangu mkubwa. Alikuwa ameshapata habari za kifo zamani. Aliniuliza swali moja tu.

"Watani walikuwepo?"

"Walikuwepo, mama. Mnyamwezi mmoja aliingia kaburini akakataa kutoka."

"Alikataa kweli?"

"Alikataa, mpaka alipopewa."

Bibi yule akacheka. Akajifunika kanga usoni, akacheka na kulia kwa pamoja, akasema, "Basi mwanangu alizikwa." Nikala chakula chake nikaondoka. Gharama ya kule kukataa sikumwambia.

Maganga alipotoka jela alirudi tena huku, akaoa, akajenga Kwamndolwa, pale karibu na Korogwe. Hakati mkonge tena, anashona katambuga, viatu vya mipira ya magari, na nasikia zinadumu. Nilichukua muda mrefu kupata moyo wa kwenda. Siku niliyokwenda nilivaa kofia mpya. Nilijua mtani akiiona ataipora, na moyoni niliomba aipore. Nilipiga hodi, akatoka.

"Karibu, bwana Mhina," akasema. "Karibu ndani. Habari za Handeni? Mvua mmepata?"

Akachukua kiti, akakifuta kwa kitambaa, akanipa. Akamtuma mtoto chai. Akaniuliza habari za mama yako, na zako, na za mahindi. Kofia yangu hakuitazama. Alinisindikiza mpaka barabarani kama unavyomsindikiza karani wa boma, akaniambia nimsalimie nyumbani. Niseme nini tena? Niliadhibiwa na Meja, na adhabu yake ilikwisha siku ileile tepe zilipodondoka. Kiti kile nimekikalia mpaka leo. Nilirudi na lori nikilia njia nzima, na mtu aliyekaa kando yangu nilimwambia ni vumbi.

Kitu kimoja tu nilirudi nacho. Alipotoa mfuko wake wa tumbaku kunikaribisha, niliona umefungwa kwa kifungo cha shaba. Alikificha wapi siku zile zote za korokoroni na jela sijui, na sikuthubutu kuuliza.

Sasa nikufikie wewe. Unakumbuka ulipokuwa shule Korogwe ukamwambia mwalimu kwamba yule mwenzio alitoroka bwenini kwenda kumwona mama yake mgonjwa? Alifukuzwa. Uliporudi likizo ukanieleza, nikafurahi, nikamchinja yule jogoo mwekundu kwa heshima yako. Nikawaambia watu, mwanangu hasemi uongo. Wewe hukula. Ulisogeza sahani ukasema tumbo linauma, nami nikakuamini. Omari, jogoo yule nilijichinjia mwenyewe. Nilikuwa bado nataka mtu aniambie kwamba nilifanya vizuri kule hemani, nikakutumia wewe mtoto unisaidie kusema. Nisamehe kwa hilo. Na ile sahani uliyoisogeza nimeifikiria sana wiki hii, kwa sababu inaniambia kwamba umenizidi, na ulinizidi ukiwa na miaka kumi na mitatu.

Watakupa tepe mapema. Una shule, mwandiko wako mzuri, unasimama wima bila kuambiwa. Utaulizwa habari za wenzio mara nyingi, na watu wenye meza. Tii amri, mimi si mtu wa kukufundisha ukaidi. Sema kweli. Ila kabla hujaisema, mwendee kwanza yule ambaye itamwangukia mgongoni, umtazame. Hata kama ni ukuta wa mabati, gonga. Mengine yote ya jeshi watakufundisha wao.

Nilikuwa na ombi, na ndilo lililonikalisha hapa barazani tangu alasiri. Nilitaka kesho, kabla ya treni, upite Kwamndolwa. Nilitaka uvae ile kofia yangu mpya uende mlangoni kwa Maganga, umwamkie, umwambie wewe ni mtoto wa Mhina wa Handeni. Wewe ni Mzigua, ni mtani wake kama mimi, na hujamkosea kitu. Labda angekupora kofia. Ukisha kuporwa ungeniandikia, nami ningejua. Nilikuwa nimeshayaandika hayo kwenye karatasi nyingine, na mwandiko ulikuwa mzuri.

Halafu nikaisoma, nikaona nimefanya yaleyale. Nimechukua jambo langu nikaliweka juu ya mtu mwingine, na tena bila kumuuliza. Ungekwenda pale na nguo zako za safari, mtoto wa watu, usimame mbele ya mzee umlipie babako, na akikupa kiti ungekikalia wewe. Ile karatasi nimempa mama yako, amewashia moto wa kuku.

Kwa hiyo kesho utakaponiona napanda lori pamoja nawe, baada ya kusema wiki nzima kwamba tutaagana hapahapa Handeni, utadhani mzee amelegea, hawezi kuachana na mwanawe. Ni kweli pia, siwezi kukataa. Nitakaa nawe kituoni nikuone umepanda, na nitajitahidi niwe mkavu. Lakini sasa hivi unaposoma maneno haya, treni yako imekwisha kutoka, na mimi nipo njiani kwa miguu naelekea Kwamndolwa. Mfukoni nina tumbaku. Sina hotuba. Nitapiga hodi na kumwambia kwamba alisema kweli, ningemuuliza, basi.

Huenda akanipa kiti. Akinipa nitakaa, nitakunywa chai, na nitarudi tena mwezi ujao, na ujao, hata kama itakuwa chai mpaka nife. Na siku nikifa, mwanangu, ukipata ruhusa ya kuja kunizika, uwe na kitu mfukoni, amri iseme isemavyo. Akitokea Mnyamwezi mfupi, mpana, akajilaza mle ndani, usimharakishe. Mwache akae atakavyo.

Mama yako ananiuliza mbona nimeitoa kofia mpya sandukuni na kuipiga brashi, wakati kesho ni safari ya vumbi. Nimemwambia nataka ionekane kwa mbali.

Mimi baba yako,
Mhina